Nilichoma Mota ya Mama, Fundi Akabeba Lawama

Wasee, hii stori nimekaa nayo karibu mwaka mzima. Kila nikitaka kuiandika najiambia "wacha kwanza," halafu naposti kitu cha kuchekesha. Leo naimwaga yote. Ina stima, ina hesabu kidogo, na ina aibu nyingi. Kama ulitoroka fizikia ukiwa kidato cha pili, tulia, nitaenda polepole. Hata shida yenyewe ilianzia hapo kwa kwenda polepole.

Mathe ana bekari ndogo huku Eastlands. Si ile ya vioo na keki za harusi. Ni chumba kimoja cha mabati, jiko la kuokea, meza mbili, na mashine ya kukanda unga. Anaoka skonzi na mikate, zinaenda kwa vibanda na kwa shule za hapa mtaani. Kazi inaanza saa nane usiku. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi skonzi lazima ziwe kwa kreti, la sivyo watoto wanakunywa chai kavu na mwenye kibanda anatafuta mwokaji mwingine.

Ile mashine aliinunua mitumba. Mota yake ni ya fezi tatu, nguvu ya hosipawa 3, na sisi stima yetu ni ile ya kawaida ya nyumba, fezi moja, volti 240. Kwa hivyo Fundi wetu, mzee mmoja wa jua kali anayesuka mota kando ya barabara, alimwekea Mama inveta. Usidhani ni ile inveta ya betri ya kuwasha TV stima ikipotea. Hii ni sanduku dogo linalofungwa ukutani: linapokea stima ya fezi moja, linatoa ya fezi tatu, na lina kitufe cha kuzungusha ili kubadilisha mwendo wa mota. Kulia inaenda mbio, kushoto inapunguza.

Chini ya hilo sanduku Fundi alibandika karatasi, herufi kubwa: UNGA MZITO, MKANDA PULI NDOGO. USIGUSE SETINGI.

Maana yake ni hii. Kwenye mota kuna puli ya ngazi mbili, ndogo na kubwa. Unga mzito wa mkate unataka bakuli lizunguke polepole kwa nguvu, kwa hivyo unahamisha mkanda kwenda puli ndogo. Unga mwepesi unarudisha puli kubwa. Kuhamisha mkanda ni kazi: unazima, unalegeza boliti mbili, unasukuma mota, unakaza tena. Mama alikuwa anafanya hivyo mara mbili kila usiku, na siku moja akabanwa kidole mpaka ukucha ukawa mweusi.

Mimi nikarudi nyumbani likizo. Mwaka wa pili, diploma ya stima. Nimeiva, ama ndivyo nilidhani.

"Mama, si hii mashine iko na kitufe cha mwendo? Ya kuhamisha mkanda ni ya nini?"

"Fundi alisema."

"Fundi ni wa zamani. Wacha nikuonyeshe."

Hayo maneno, "Fundi ni wa zamani," nayasikia mpaka leo.

Mota inakimbiza nini?

Kabla niendelee, lazima ujue mota hufanya nini, juu bila hiyo hutaona ujinga wangu ulikuwa wapi.

Mota kama hiyo ina sehemu mbili. Ya nje haitembei, imejaa koili za waya wa shaba. Ya ndani ndiyo inazunguka, inaitwa rota. Kwa rota hakuna waya wowote wa stima unaoingia. Ukiwasha, stima ya fezi tatu inapita kwa zile koili za nje kwa zamu, na inatengeneza sumaku inayozunguka. Rota inaifukuza hiyo sumaku, kama vile mbwa wa mtaa anavyofukuza pikipiki. Na kama huyo mbwa, haiishiki kamwe. Lazima ibaki nyuma kidogo, maana ni huko kubaki nyuma kunakoifanya ivutwe.

Stima ya Kenya inageuka mara 50 kwa sekunde, ndiyo tunaita 50 Hz. Kwa mota ya ncha nne kama ya Mama, sumaku inazunguka mara 1500 kwa dakika. Ukiangalia kile kibati kilichopigiliwa kwa mota, kinasema 1430. Hiyo tofauti ya 70 ndiyo mbwa kubaki nyuma.

Sasa ukitaka mota iende polepole bila kuinyima nguvu, punguza mwendo wa pikipiki. Yaani punguza frikwensi. Ukitoa 25 Hz badala ya 50, sumaku inazunguka mara 750, na rota inafuata hapo nyuma nyuma. Rahisi, si ndio?

Si rahisi. Hapa ndipo volti zinaingia.

Koili ina tabia moja: haipendi stima inayogeuka-geuka. Stima ikigeuka mbio, koili inaipinga sana. Ikigeuka polepole, koili inalegea. Kwa hivyo ukishusha frikwensi mpaka nusu na uache volti zile zile, upinzani umepungua nusu na msukumo haujapungua. Stima inaingia kwa fujo, na sumaku ndani ya chuma inataka kuongezeka mara mbili. Lakini chuma cha mota kimekadiriwa. Kikishajaa sumaku kimeshiba. Ni kama sufuria ya lita mbili: ukimwaga lita nne, mbili zitamwagikia jiko. Kwa mota, kinachomwagika ni ampea za ziada ambazo hazizungushi chochote, zinatengeneza joto tu.

Ndiyo maana vitu viwili vinashushwa pamoja, volti na frikwensi. Mota ya Mama imefungwa kwa volti 230 na 50 Hz. Gawanya: 4.6. Kila Hz moja inastahili volti 4.6. Ukishuka 25 Hz, upe volti 115. Ukishuka 10 Hz, upe 46. Ukilinda huo uwiano, sumaku inabaki ile ile, na nguvu ya kuzungusha inabaki ile ile, kwenda polepole ama mbio.

Na mtu akiamua kushusha volti peke yake na frikwensi ibaki 50? Hiyo ndiyo rejuleta nyingi za feni ya dari zinafanya. Kwa feni inakubali, kwa sababu feni ikienda polepole upepo unaisukuma kidogo sana. Lakini kwa mzigo mzito ni balaa: volti zikishuka nusu, nguvu ya kuzungusha inashuka mpaka robo. Pikipiki bado inakimbia ile mbio ya kwanza, mbwa amechoka, anabaki nyuma sana, na kadiri anavyobaki nyuma ndivyo ampea zinapanda. Ndiyo maana stima ya mtaa ikiwa dhaifu jioni, pampu na friji zinaungua bila mtu kuelewa.

Hii aina ya mota ni ya kitambo. Nikola Tesla alipewa hataza zake kule Marekani mwaka 1888. Lakini kwa miaka mingi ilijulikana kama mota ya mwendo mmoja, kwa sababu frikwensi ilikuwa inaamuliwa na mitambo ya kufua umeme, na wewe nyumbani kwako huwezi kuigusa. Kilichobadilisha mambo ni swichi za transista zenye nguvu. Inveta inachukua ile stima ya volti 240, inaigeuza iwe ya moja kwa moja kama ya betri, karibu volti 340, halafu inaikatakata maelfu ya mara kwa sekunde ili mota ione wimbi jipya la frikwensi na volti unazotaka. Ile sauti nyembamba unayosikia basi la umeme likiondoka steji, chanzo chake kimoja ni huko kukatwakatwa.

Haya. Mimi nilikuwa najua hizo zote. Nilikuwa nimeziandika kwa mtihani na nikapata alama. Kujua na kuelewa ni vitu viwili.

Siku nne

Fundi alikuwa amepanga hivi: unga mzito, puli ndogo, kitufe kwa 30 Hz. Mimi nikamwambia Mama aache mkanda kwa puli kubwa daima, na kwa unga mzito ashushe kitufe mpaka 15 Hz. Puli kubwa ilikuwa mara mbili ya ndogo, kwa hivyo bakuli lingezunguka mwendo ule ule. Hesabu ilikubali. Mama akafurahi, hakuna boliti tena.

Usiku wa kwanza tukaweka kilo 25 za unga. Mashine ikazunguka kidogo, ikagugumia, ikakwama. Kwa kioo cha inveta zikaonekana herufi mbili: OL. Mzigo umezidi.

Hapo ningesimama. Lakini Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, saa inakimbia, na mimi ndiye mtoto wa diploma. Nikapiga picha setingi za Fundi kwa simu, halafu nikaingia ndani.

Kuna setingi inaitwa busti. Kazi yake ni ya halali. Ukishuka chini sana, volti zinazotolewa ni chache, na waya wa shaba wenyewe unakula volti kadhaa kabla sumaku ipate chochote. Ukiwa na volti 230 hutasikia hizo chache zikipotea. Ukiwa na 23 utasikia. Kwa hivyo inveta inaongeza volti kidogo huko chini ili kufidia. Kidogo. Mimi nikaipandisha karibu mpaka mwisho.

Bado ikaandika OL. Nikatafuta setingi ya ampea za mota. Fundi alikuwa ameandika 8.4, vile kibati kinasema. Yeye alikuwa amefunga inveta kubwa kuliko mota, ya ampea 16, ili isisumbuke ikianza na unga bakulini. Nikafuta 8.4 nikaandika 16. Kwa maneno mengine, nilimwambia mlinzi wa geti kwamba mtu yeyote anayekuja usiku ni wa familia.

Mashine ikazunguka. Mama akanipigia makofi, kweli tena, na mikono yake imejaa unga.

Niambie ukweli, wewe ungejiona nani hapo?

Usiku wa pili mota ilikuwa moto. Usiku wa tatu kulikuwa na harufu tamu-chungu, kama rangi imeachwa kwa jua. Mama akauliza, nikasema ni vumbi la unga linaungua. Ilikuwa vanishi ya koili. Usiku wa nne, saa tisa na kitu, moshi ukatoka na mashine ikanyamaza, na unga wa kilo 25 umekaa bakulini haujakandwa hata nusu.

Mama aliamsha majirani wawili wakakanda kwa mikono mpaka asubuhi. Walimaliza nusu ya oda. Kibanda kimoja hakijawahi kurudi.

Mimi, kabla Fundi hajafika, nilifungua ile picha kwa simu na nikarudisha kila setingi jinsi ilivyokuwa. Busti chini. Ampea 8.4. Nikarudisha hata mkanda kwa puli ndogo. Nilikaza boliti mwenyewe.

"Hapana"

Fundi akaja, akafungua mota palepale sakafuni. Mimi nilimshikia tochi. Koili zilikuwa nyeusi tititi pande zote.

Akanionyesha kama mwalimu: "Unaona, msichana wangu? Fezi moja ikipotea, utapata sehemu imeungua na nyingine ni safi. Hii imeungua yote sawasawa. Hii ni joto. Imebebeshwa mzigo siku nyingi."

Akaangalia inveta. Setingi ziko vile aliziacha. Akakuna kichwa.

Mama alikuwa na hasira ya mtu ambaye hajalala. "Fundi, si uliniambia hiki kitu kitalinda mota?"

"Inalinda, Mama. Hata mimi sielewi." Halafu akauliza, hana hata ubaya, "Kuna mtu aliguza setingi?"

Mama akanigeukia.

Nikasema, "Hapana."

Neno moja tu hilo. Fundi akabeba mota kwa boda, akaisuka upya, akairudisha baada ya siku mbili. Mama akakataa kumlipa, akasema kitu kilichoharibika kwa mikono yake akitengeneze kwa pesa yake. Akasema "sawa, Mama" na akaondoka. Jumapili iliyofuata Mama akaeleza stori hiyo kwa chama, na chama ni wanawake kumi na wanne, karibu nusu wana mashine za aina fulani: posho mili, juisi, cherehani za mota. Unajua vile maneno husafiri. Mimi nilirudi koleji.

Mota isiyobeba hata nzi

Miezi sita baadaye nilikuwa atachimenti, kiwanda kimoja chenye pampu na mikanda ya kusafirisha mizigo. Inveta zilikuwa zimepangwa ukutani kama masanduku ya posta. Inginia aliyekuwa anatusimamia akatuuliza swali la kwanza: kwa nini tunashusha volti tukishusha frikwensi? Nikajibu mbio kama redio. Uwiano, sumaku, chuma kushiba.

Akasema vizuri, sasa njoo uone.

Alikuwa na mota ndogo mezani, haijafungwa kwa chochote. Akaiweka 15 Hz, busti kawaida, akanipa ile mita ya kubana waya. Ampea chache. Akapandisha busti mpaka juu. Mota ilizunguka mwendo ule ule, lakini sauti ikabadilika, ikawa inaguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa. Mita ikapanda, ikapanda, mpaka karibu na ampea za kibati. Na mota haijabeba hata nzi.

"Hizo ampea zinafanya kazi gani?" akauliza.

"Hakuna. Zinachoma tu."

"Na feni ya kuipoza iko wapi?"

Iko nyuma ya mota, kwa shafti ile ile. Mota ikienda chini ya theluthi ya mwendo, na feni nayo iko chini ya theluthi. Yaani nilikuwa nimeongeza moto na wakati huo huo nimeondoa upepo.

Halafu akasema kitu cha mwisho, na hicho ndicho kilinimaliza. Akasema uwiano wa volti na frikwensi unakupa nguvu ile ile ya kuzungusha kwa mwendo mdogo. Haukupi zaidi. Ukitaka bakuli liende polepole na wakati huo huo liwe na nguvu zaidi, hapo unahitaji gia ama puli. Puli ndogo inapunguza mwendo nusu na inaongeza nguvu mara mbili. Kitufe kinapunguza mwendo nusu, na nguvu inabaki palepale.

UNGA MZITO, MKANDA PULI NDOGO.

Fundi alikuwa ameandika somo lote kwa karatasi, maneno matano. Kwa puli kubwa mota ililazimika kusukuma mara mbili ya vile ilisukuma kwa puli ndogo. Nilikaa kwa choo cha kiwanda dakika kumi.

Kibandani

Niliporudi nyumbani nilienda kwa Fundi kabla ya kwenda kwa Mama. Alikuwa anapiga vanishi mota ya pampu. Nilimwamkia, nikabaki nimesimama, halafu nikasema yote bila kupumua.

Hakuacha kupaka. Akasema, "Nilijua."

Aliponirudishia mota siku ile, baada ya kuifunga, alibonyeza inveta ikamwonyesha orodha ya makosa ya mwisho. Setingi nilizirudisha, lakini hiyo orodha sikuijua hata kama ipo. OL, OL, OL, zimepangana.

"Sasa kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo aliweka brashi chini. "Nimwambie mamako nini? Mimi mtu wa jua kali, na wewe uko koleji ya stima. Umesema hapana mbele yake. Angeamini nani?"

Sikuwa na jibu na bado sina.

Usidhani alinikumbatia. Alichukua karatasi akapiga hesabu: waya, vanishi, siku mbili za kazi, boda kwenda na kurudi. Shilingi 7,500. Nilimlipa kwa M-Pesa mara tatu kwa sababu sikuwa nayo yote. Na akasema pesa ndiyo sehemu ndogo. Kubwa ni jina lake, na hilo si yeye wa kulitengeneza.

Nilimwambia Mama usiku, tukiwa tunapanga kreti. Nilitegemea kelele. Hakupiga. Alinyamaza muda mrefu, akafuta mikono, akasema, "Na mimi nikamwambia nini yule mzee mbele ya watu." Baada ya hapo: "Jumapili utakuja chama. Utasema wewe mwenyewe."

Nilisema. Mbele ya wanawake kumi na wanne na chai ya maziwa. Wengine walicheka, mmoja akasema vijana wa siku hizi ni hivyo. Mama alienda mwenyewe kwa Fundi na mkate mzima na maneno ambayo sikuyasikia. Wateja wengi walirudi kwake. Wawili walikuwa wameshazoea fundi mwingine na hawajarudi mpaka leo. Hao ni wangu, nitawabeba.

Maoni yangu, sasa

Tuko na ugonjwa, sisi wa cheti. Tukiona mtu ana mikono myeusi na hana karatasi ukutani, tunadhani anafanya kwa kubahatisha. Fundi hajui kuandika ile fomula. Lakini anajua ni puli gani, anajua koili iliyoungua kwa joto inafanana vipi, na anajua kuweka ampea 8.4 na si zaidi. Mimi nilijua fomula na nikachoma mota kwa siku nne. Sisemi usiende shule. Nasema ukikuta karatasi ya USIGUSE, uliza kwanza ni kwa nini.

Na kwa wale mko na mashine nyumbani ama kazini, vitu vichache nimelipia ada mara mbili kuvijua:

Ampea za kibati ndizo za kuandika kwa inveta, si ampea za inveta yenyewe. Hiyo nambari ndiyo mlinzi wa mota.

Busti ni kama chumvi. Ikikwama, tafuta kwanza kwa nini mzigo ni mzito.

Mota ya kawaida isikae mwendo wa chini masaa mengi na mzigo mzito. Iwekee feni ya kujitegemea, ama tumia puli.

Kama ni pampu ya maji ama feni, hapo inveta ni baraka. Ukishusha mwendo mpaka asilimia 80, nguvu inayohitajika inashuka mpaka karibu nusu. Usitegemee hivyo kwa mashine ya unga.

Na ukizima inveta, usifungue haraka. Kapasita za ndani zinabaki na chaji. Soma maagizo, ngoja hizo dakika.

Sai Mama bado anahamisha mkanda, mimi nikiwa nyumbani namsaidia boliti. Fundi alikuja mwezi uliopita kukagua mashine. Tuliongea poa, akanionyesha jinsi ya kusikiliza beringi kwa kuweka bisibisi sikioni. Kabla hajaondoka akabonyeza-bonyeza inveta, akaifunga kwa nambari ya siri. Nikamuuliza ni ngapi.

Akacheka, akachukua begi lake, akaenda.

Sijui wewe uko na "hapana" gani umeiacha mahali, na nani anaibeba. Kama unamjua huyo mtu, na bado yuko pale kibandani kwake, nenda ukiwa bado unaweza kumpata. Mimi nilichelewa miezi sita, na wateja wawili hawakurudi.